Hakuna Mtu Hurekodi Siku ya Kumi na Nne

Watu wangu, leo naongea kuhusu mkanda wa saa. Najua, nchi ina mambo. Lakini nivumilieni kidogo, kwa sababu huu mkanda umenionyesha kitu kuhusu kazi yangu ambacho miaka miwili ya kurekodi video haikuwa imenionyesha. Ndani yake kuna pesa, kuna takataka, na kuna kodi ya nyumba. Kodi ya nyumba ni yangu.

Kwa wageni: niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa kuelewana na hali ya nyumbani, na tangu hapo nakula kwa simu. Narekodi video. Nyingi ni za kufungua boksi. Kampuni inanitumia kitu, nakiweka kwa ile meza yangu nyeupe (ni mlango wa kabati, usiambie mtu), nakata gundi polepole, navuta kifuniko kile kinachotoa sauti kama kinapumua, nasema "uuuwi", natabasamu. Sekunde sitini. Pesa inaingia baada ya wiki tatu nikibahatika, miezi mitatu nisipobahatika. Si kazi ya aibu. Imenilipia keja, imemnunulia mathe gesi, na ndugu yangu mdogo yuko kidato cha tatu kwa sababu yake. Kwa hivyo msinisome hapa mkidhani nimeokoka.

Sasa. Mwezi juzi kampuni moja inayouza saa mtandaoni ikanitumia saa. Jina naliacha. Saa yenyewe ni fiti, sina kesi nayo: uso mdogo wa milimita 34, kijani ya chupa, mkanda wa ngozi ya kahawia. Ngozi kweli, si ile ya kubanduka kama mba kabla hata mwaka haujaisha. Mkataba ulikuwa video moja ya kufungua boksi na picha tatu.

Wacha niwapangie nilichofungua, maana hiyo siku niliamua kuhesabu. Nje kabisa, mfuko wa plastiki wa kijivu, alioleta mtu wa boda. Ndani yake katoni. Ndani ya katoni, plastiki ya mapovu zaidi ya mita moja, ile ya kupasua na vidole (na ndiyo, niliipasua yote). Ndani yake, mfuko wa karatasi nzito wenye vishikio vya utepe, yaani mfuko wa kubebea zawadi, sijui wa kuibeba kutoka katoni hadi wapi. Ndani ya mfuko, ala ya kadibodi yenye jina la kampuni kwa rangi ya dhahabu. Ndani ya ala, sanduku jeusi lenye sumaku kwenye kifuniko, nje ngozi bandia, ndani velveti. Ndani ya sanduku, mto. Mto, jamani. Saa imelalia mto mzuri kuliko wangu.

Halafu saa yenyewe nayo imevaa. Plastiki juu ya kioo, plastiki mgongoni, vipande vitatu vidogo kwenye chuma cha kufungia, kola ya plastiki ngumu ya kuzuia mkanda usikunjike, na kilebo cha bei kinachoning'inia kwa uzi. Chini ya mto kulikuwa na kijitabu cha maelezo kwa lugha kumi na mbili, Kiswahili hakimo. Kadi ya dhamana. Kitambaa cha kupangusia kioo. Na kile kipakiti cha chembechembe kinachokuonya usile.

Nikabeba kila kitu hadi kwa mama mboga wetu wa hapa chini, ana mizani ya dijito. "Mama, nipimie hii tafadhali." Akaniangalia. "Kwani siku hizi unauza takataka, mwanangu?" Saa pamoja na mkanda wake: gramu 52. Vilivyoifunika: gramu 790. Yaani kifuniko ni mara kumi na tano ya kitu kilichofunikwa. Mama mboga akaangalia hizo namba, akaangalia nyanya zake, akasema, "Na mimi hapa kila siku naulizwa nafungia watu nyanya na nini."

Hiyo kauli imenikaa. Kenya tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Nilikuwa darasa la nane. Faini ilitangazwa kuwa kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, na sisi watoto tulikuwa tunatishana nayo tukirudi nyumbani na maandazi. Naiunga mkono hiyo sheria mia kwa mia. Mtaro wa mtaa wetu ulikuwa unajaa mifuko hadi mvua ikinyesha maji yanaingia kwa nyumba, na baada ya hapo ulipumua. Lakini marufuku ililenga mifuko ya kubebea, ile ya dukani na sokoni. Plastiki ambayo kiwanda kinafungia bidhaa yake tangu mwanzo iliachwa. Kwa hivyo mama mboga anabadilisha maisha yake yote kwa ajili ya mfuko wa nyanya, na saa ya gramu 52 inaingia nchini imevaa plastiki saba na hakuna anayeiuliza kitu.

Sasa swali: hilo boksi ni la nini? Si la kuilinda saa. Katoni ndogo na karatasi iliyofinyangwa ingetosha, na tunajua hivyo kwa sababu saa ilibebwa kwa boda kutoka katikati ya mji hadi kwangu, na kilichoumia njiani ni kona ya ule mfuko wa zawadi. Boksi ni langu mimi. Ni la kamera. Maelekezo niliyopewa yalisema hivi: sekunde 25 za kwanza ziwe za boksi, sekunde 10 za saa ikiwa mkononi, zilizobaki bei na mahali pa kuagiza. Soma tena. Boksi lilipewa muda mara mbili na nusu ya saa.

Na wako sahihi kibiashara, hilo ndilo linaniuma. Watu wanapenda kuona kitu kikifunguliwa. Kuna mtoto Mmarekani, Ryan Kaji, alianza 2015 akifungua vitu vya kuchezea mbele ya kamera ya wazazi wake, na mwaka 2018 Forbes ilimweka namba moja kwa mapato YouTube: dola milioni 22. Alikuwa na miaka saba hivi. Mimi video yangu ya kuonyesha jinsi ya kurekebisha tochi ya simu ilitazamwa na watu mia tatu, pamoja na shangazi zangu. Ile ya kufungua boksi la vipokea sauti ilitazamwa na watu elfu arobaini. Kwa hivyo boksi linazidi kunenepa kwa sababu sisi tunalitazama, na tunalitazama kwa sababu limenenepa. Apple walipoondoa chaja kwenye boksi la iPhone 12 mwaka 2020 likawa jembamba, unakumbuka watu walivyolalamika? Mimi pia nililia, na sikuwa na iPhone.

Tena nisiwe mkali sana. Boksi zuri lina kazi yake. Ukimpelekea mtu zawadi ya kuhitimu ikiwa imefungwa kwa gazeti, atasema asante, lakini utaona jicho. Ile dakika ya kufungua ni tamu, naijua, naiishi. Shida yangu ni kwamba ile dakika imekula pesa na akili ambazo zingeenda kwa kitu kingine. Hebu tuje kwa huo mkanda.

Mkanda ulikuwa mgumu kama rula. Mkono wangu ni mwembamba, primari waliniita njiti, na mkanda mgumu kwa mkono mwembamba haukumbatii, unasimama kando kama sikio la kikombe. Hewa inapita chini yake. Saa inazunguka hadi upande wa ndani wa mkono, unajikuta unasoma saa kama unaomba dua. Ukiukaza, ukingo wake unakuuma kwa ule mfupa wa kifundo, unaacha alama nyekundu. Ncha yake haikai kwenye kitanzi, inachomoka na kushika sweta. Kwenye ile video ya sekunde sitini hakuna hata moja ya haya. Sekunde zangu kumi za mkononi nilizirekodi nimeushikilia mkanda na kidole kwa chini ili ukae vizuri. Kila mtu hufanya hivyo. Angalia tena video za saa, uangalie kile kidole.

Nikamwandikia msimamizi wa ile kampuni. Nikasema saa ni poa, ila mkanda ni mgumu, na nadhani tukifanya video ya pili ya kuonyesha jinsi unavyolainika, siku baada ya siku, watu watajifunza na hawatairudisha. Akajibu baada ya dakika nne, kitu ambacho hajawahi kufanya kwenye mambo ya malipo: "Tafadhali tusitumie neno gumu. Wateja watadhani ni ya bei ya chini."

Nilitaka kujua kama ana ukweli, kwa hivyo Jumamosi nikaenda Kariokor.

Kama hujawahi kufika, soko la Kariokor ndipo ngozi ya Nairobi inapoishi: viatu vya shanga, mishipi, mikoba, mafundi wamekaa kwa vigoda na nyundo. Jina lenyewe limetoka kwa Carrier Corps, ile jeshi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza na kufa kwa maelfu. Ukifikiria, na saa ya mkononi kwa wanaume ilipata nguvu kwenye vita hivyo hivyo. Kabla ya hapo wazungu waliona saa ya mkononi ni pambo la mwanamke, mwanaume wa kweli alikuwa na saa ya mfukoni. Kwenye handaki mkono mmoja una bunduki, nani ana muda wa kuingiza mwingine mfukoni? Wakafunga saa kwa mikanda ya ngozi. Naweka bet kuwa nayo iliwauma wiki ya kwanza.

Nikampata mzee mmoja anayeshona mikanda. Nikamwamkia, nikampa saa. Hakuangalia uso wake hata mara moja. Aliuchomoa mkanda, akaukunja karibu na sikio akausikiliza, akanusa, halafu akaangalia ukingo pale tundu limetobolewa.

"Hii imekuuma, eeh?"

"Sana, mzee."

"Ni nzuri. Hii imeiva na magome."

Nikamwambia anifunze polepole, na nirekodi. Akakubali kurekodiwa mikono tu. Alichoniambia, na nimekitafutia uthibitisho baadaye, ni hiki. Ngozi ya mnyama ukiiacha inaoza, ukiianika tu inakuwa ubao. Ili iwe ngozi ya kuvaliwa lazima ipitishwe kwenye dawa inayoshikana na nyuzi zake. Njia ni mbili kubwa. Moja ni chumvi za kromiamu: haraka, siku moja inaweza kutosha, ngozi inatoka laini na inanyooka, na ngozi nyingi duniani leo ni ya hivyo. Ukiikata, katikati yake mara nyingi huwa na rangi ya samawati-kijivu. Nyingine ni ya zamani: magome ya miti. Hiyo huchukua wiki, wakati mwingine miezi, na ngozi inatoka nzito, ngumu, ya kahawia hadi ndani, na inanuka kama mbao iliyolowa. Kwetu mti wa kazi hiyo ni muwati, ule Wakikuyu wanauita mũthandũkũ (mimi kila nikisikia hilo jina nasikia sanduku, na leo limeniandama). Eldoret kulikuwa na kiwanda kizima cha kutoa dawa kwenye magome yake, East African Tanning Extract Company. Kwa hivyo hii si habari ya Italia, ni habari ya hapa Uasin Gishu.

Ngozi ya magome ni ngumu kwa sababu nyuzi zake zimejazwa na kushikwa vizuri na bado hazijajua zitakunjika wapi. Zinajifunza kwa joto, jasho na kukunjwa pale pale, mara nyingi. Ndiyo maana baada ya muda mkanda wako haumtoshi mtu mwingine vizuri. Umeshachukua umbo la mkono wako. Ile laini ya siku ya kwanza, mzee alisema, mara nyingi ni laini kwa sababu ni nyembamba, au katikati wameweka sponji ama karatasi. Alikuwa na mikanda laini kwenye msumari ukutani, imefungwa kwa raba, ishirini kwa pamoja. Nikamwambia basi niuzie moja, nipumzike. Akakataa.

"Nikikuuzia hiyo leo, Disemba utarudi hapa kunisumbua. Vaa yako."

Fikiria mfanyabiashara anakataa pesa yako, wakati kule kwingine mtu ameogopa neno moja.

Aliyonifundisha ya kufanya ni machache. Vaa kila siku, saa chache mwanzo, usikaze. Kidole kimoja kipite chini. Jioni uuvue, uukunje polepole kwa vidole, sana sana pale karibu na saa, kwa sababu hapo ndipo panapogoma. Usiupinde kinyume, uso wa nje utapasuka. Usiku uuzungushe kwenye chupa ya soda ya glasi na uufunge na raba, usikaze. Mafuta ya ngozi, tone moja kwa upande wa ndani, basi. Si mafuta ya kupikia, yanavunda. Si kiwi ya viatu, itahamia kwa mkono wa shati. Na usiuloweke maji, na usiuweke juani wala karibu na jiko. Hapo nilicheka kwa sababu rafiki yangu ninayeishi naye alijaribu kuulainisha wake kwa mashine ya kukausha nywele. Ulilainika dakika tano, kisha ukapasuka kama midomo ya Julai. Mwisho mzee akachukua koleo lake la kutobolea, akaniongezea tundu moja kwa ajili ya huu mkono wa njiti. Shilingi hamsini.

Nikaanza kuhesabu siku. Ya kwanza hadi ya nne sina cha kusimulia, ni maumivu tu na kuutukana. Siku ya tano ilikuwa joto, nikatembea kutoka Ngara hadi Tom Mboya na jasho, na jioni nikaona mstari mdogo umejichora pale tundu langu lilipo. Siku ya nane nikanyeshewa; nikaupangusa na kitambaa, nikauacha mezani ukauke wenyewe, na asubuhi nilikuwa na hofu kama ya matokeo ya mtihani, lakini ulikuwa sawa. (Kile kitambaa cha kupangusia kioo kilitoka kwenye gramu 790. Na kile kipakiti cha usile nimekiweka kwa mfuko wa maikrofoni yangu kizuie unyevu. Katika mzigo wote huo, hivyo viwili ndivyo vilivyopata kazi.) Siku ya kumi na moja ncha ikakubali kukaa kwenye kitanzi. Siku ya kumi na nne nilikuwa kwa matatu, nimeshika chuma cha juu, nikagundua asubuhi yote sijaugusa. Saa ilikuwa juu ya mkono, pale saa inapokaa. Nilirekodi sekunde sita hapo hapo, mtu amenikanyaga, makanga anapiga kelele. Ni kitu kizuri zaidi nimerekodi mwaka huu na hakina mtu wa kukinunua.

Huku nyuma gramu 790 ziko sakafuni. Mtaani kwetu kuna kijana anayepita na mkokoteni Jumanne akikusanya katoni na karatasi za kuuza kwa kilo. Nikampa zote. Katoni akachukua, ule mfuko wa zawadi akakata utepe akachukua, ala akachukua. Lile sanduku zuri akaligeuza mara mbili akanirudishia.

"Dada, hii ni kadibodi, sponji, kitambaa, chuma na plastiki, na zimeoana. Nani atawaachanisha?"

Hapo ndipo nilielewa vizuri kuliko somo lolote la mazingira. Kitu cha gharama zaidi kwenye ule mzigo, kile kilichopewa sekunde 25, ndicho hakina thamani hata kwa mtu anayeishi kwa kuona thamani kwenye takataka. Kikiondoka kwangu kinaenda Dandora. Dandora ilianza kupokea taka za Nairobi miaka ya sabini, ikatangazwa kuwa imejaa mwaka 2001, na bado malori yanaingia kila siku. Mimi nilizaliwa imeshajaa. Watu wanasoma, wanalala na kulea watoto kando yake, na moshi hauulizi nani alinunua saa.

Kuna sheria mpya, na nataka muijue. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022, na kanuni zake za 2024, zinasema mzalishaji au mwagizaji wa bidhaa anabeba jukumu la taka zake hata baada ya mimi kuinunua, pamoja na vifungashio. Ikifanya kazi inavyotakiwa, anayeleta sanduku ambalo haliachanishiki ataligharimia. Mimi naisubiri siku hesabu hiyo itakapofika mezani kwa yule aliyeandika "sekunde 25 za boksi". Nadhani mto utakuwa wa kwanza kufutwa kazi.

Kwa sasa masanduku ninayo mimi. Chini ya kitanda kuna kumi na nne, kutoka kwa kazi mbalimbali. Mathe alichukua mawili, moja la vyeti vya kuzaliwa, moja la sindano na uzi, akasema yanatosha. Shosho aliomba moja, sumaku ikamshinda kwa sababu ya vidole vyake, akarudisha.

Wiki iliyopita ile kampuni imerudi. Wana saa tatu mpya na wanataka video tatu za kufungua boksi, bei ile ile kwa kila moja. Nikakaa na hiyo barua siku mbili. Hesabu yangu ni rahisi: hizo tatu ni kodi ya miezi miwili na salio la karo ya kijana wetu. Nikawajibu hivi: nitumieni saa moja, kwa katoni moja, bila plastiki ya mapovu. Nitaifungua kwa sekunde kumi. Halafu nitarudi siku ya 7, ya 14 na ya 30, video fupi nne kwa jumla, na nitasema mkanda ni mgumu siku ya kwanza kwa sababu ni ngozi iliyoivishwa polepole. Nikawaambatanishia zile sekunde sita za matatu. Nikaweka na kauli ya mzee, bila jina lake, kwa sababu ndiyo tangazo bora wangeweza kupata na walilipata kwa hamsini.

Jibu halikuja kwa dakika nne safari hii. Lilikuja baada ya siku tano. Wamekubali kujaribu saa moja, kwa nusu ya bei niliyoitisha, na wameomba niseme "imara" badala ya "mgumu". Nimekubali nusu. "Imara" nimekataa, tumekutana kwa "bado haujalainika".

Nusu nyingine naitafutia kwa blenda. Inakuja Alhamisi, kampuni tofauti, mkataba wa kawaida, sekunde sitini na "uuuwi" yangu. Nimeshawauliza vipimo vya boksi, maana chini ya kitanda imebaki nafasi ya moja tu.